Mrejesho: Kufundisha vichekesho vya papo kwa papo

Ndugu zangu, nawashukuru mlionijibu nilipouliza namna ya kufundisha vichekesho vya papo kwa papo, yaani maigizo ya kuchekesha yanayobuniwa jukwaani bila maandishi, sanaa niliyokutana nayo nikiwa masomoni Chicago. Nilifuata ushauri wa kuanza na michezo ya Viola Spolin, mwalimu wa maigizo wa Marekani, na ule wa kioo, ambapo wawili hutazamana na mmoja huiga kila mwendo wa mwenzake, uliwaondolea haya wanafunzi wangu 12 mara moja. Kanuni ya kulikubali wazo la mwenzako na kuliongezea bado inatusumbua: mmoja alilalamika, “Daktari, mguu unaniuma,” mwenzake akajibu, “Mimi si daktari, ni konda,” watu wakaangua kicheko (nami nilicheka), lakini igizo likafia hapo. Onyesho la hadhara mliloshauri nimeliahirisha.