Nimenunua shamba lenye lambo Misungwi, sasa hili lambo ni la nani? Na tuta linatoa maji

jirani_wa_ziwa: Wakuu habari za wikendi. Nina shamba huku Misungwi, ndani kuna lambo la udongo alilochimba mwenye shamba wa kwanza kwa ajili ya ng'ombe wake. Mimi nimejenga vibanda vya makuti, nina mtumbwi na sato kidogo, jumapili washkaji wanatoka mjini tunachoma nyama, basi. Sasa mwenyekiti wa kitongoji anasema lambo ni la wananchi maana wamenyweshea hapo miaka yote, muuzaji naye anasema aliniuzia vyote. Halafu tangu masika ianze, chini ya tuta upande wa nje pana tope halikauki, nyasi za hapo kijani kweli. Nipige simenti?

nkoyi_magu: Tuta linaweza kuwa lako ila maji sio yako mkuu 😂 Sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inasema maji yote ni ya umma, unaomba kibali cha kutumia, ofisi ya Bonde la Ziwa Victoria ipo hapo hapo Mwanza. Ardhi nayo, mauzo yalipita serikali ya kijiji? Muhtasari wa kikao unao? Kama huna, hapo mwenyekiti anakusumbua mpaka uzee. Mwachie mfugaji sehemu ya kunywesha, weka birika nje ya uzio, ng'ombe wasikanyage tuta.

fundi_wa_matuta: Simenti usithubutu. Ukiziba kwa nje maji yanajaa ndani ya tuta halafu linamomonyoka lote. Chota yanayotoka hapo kwenye chupa, iache itulie. Yakiwa meupe unafuatilia kila siku, yakiwa na udongo ujue tuta linaliwa kwa ndani, hapo anza kushusha maji taratibu (ukishusha ghafla upande wa ndani nao unaporomoka) na ita injinia siku hiyo hiyo. Kwa dharura wanaweka mchanga kisha kokoto juu yake, maji yatoke udongo ubaki. Na utoro wa maji (njia ya kutolea maji yanayozidi lambo likijaa) uko wapi? Umezibwa?

jirani_wa_ziwa: Utoro upo pembeni ila niliweka wavu na magunia samaki wasitoke

fundi_wa_matuta: Toa leo ndugu yangu, usingoje kesho. Mvua moja kubwa usiku, maji yanapanda juu ya tuta, na tuta la udongo likishapitiwa na maji juu halichukui muda. Solai kule Kenya 2018 lilipasuka bwawa la shamba la mtu binafsi, walikufa zaidi ya 40. Chini yako kuna nyumba?

jirani_wa_ziwa: Kuna kaya tatu na njia ya bodaboda. Nimemtuma kijana akatoe magunia sasa hivi.

mama_sato: Na hao washkaji wa jumapili wakinywa bia wasipande mtumbwi bila jaketi. Kichocho pia, mjipime.