Ulinganisho: muvi ipi ya binti wa mjini kupelekwa shamba nianze nayo?

binti_makorora
Wakuu, salaam. Jumamosi nakaa na mama na mdogo wangu wa kidato cha nne. Tunataka muvi ya Kichina, ila si ya kurushiana mateke. Nataka zile za vijana wa mjini waliopelekwa vijijini enzi za Mao, kiongozi wa China. Ninazo tatu: Xiu Xiu: The Sent Down Girl (1998), Balzac and the Little Chinese Seamstress (2002) na Under the Hawthorn Tree (2010). Muda unatosha moja tu. Na msinimalizie uhondo.

mzee_wa_kideo
Chukua Hawthorn, usihangaike. Ni ya Zhang Yimou, ambaye ujanani naye alipelekwa shamba. Binti anaitwa Jingqiu. Familia yake ina doa la kisiasa, kwa hiyo akikosea kidogo tu, kazi ya ualimu anaikosa. Halafu anapenda. Kuna mahali wanavuka kijito, kijana anamnyooshea kijiti ashike kwa sababu mkono ni aibu. Angalia tu mkono unavyotembea kwenye kile kijiti! Andaa leso.

nyuki_mkali
Mzee wangu, heshima yako, lakini shida ya shamba iko wapi humo? Kijiji kama picha ya kalenda. Mwenzetu kauliza binti wa mjini kutupwa kwenye dhiki, na hapo ni Xiu Xiu. Joan Chen aliitoa kwenye hadithi ya Yan Geling. Ni 1975, mtoto wa fundi cherehani wa Chengdu anapelekwa nyanda za Tibet kujifunza kuchunga farasi. Kaambiwa miezi 6. Miezi inatimia, anasubiri wa kumchukua, haji mtu. Ndipo wanaume wanaanza kupita hemani, kila mmoja akidai ana njia ya kumpatia kibali cha kurudi mjini. Wa kwanza anakuja na tufaha.

binti_makorora
Nimesema msinimalizie uhondo jamani!

nyuki_mkali
Tufaha ni mwanzo, dada. Mwisho siutaji hata kwa viboko.

kobe_wa_changuu
Mimi aliyenimaliza ni Lao Jin, mchungaji wa Kitibeti anayeishi naye hema moja. Alihasiwa na maadui zake, ndiyo maana wakubwa wanaona binti akikaa kwake hakuna neno. Binti wa mjini anataka kuoga, huko maji hakuna, basi yule bwana anamchimbia mahali pa kuogea ardhini, anamjazia maji, kisha anageuka na bunduki yake kulinda asichunguliwe. Baadaye, kila mgeni akiondoka binti anadai maji, na Lao Jin anapanda farasi kwenda kuyatafuta mbali. Haulizi kitu. Jina la muvi kwa Kichina ni kama kusema kuoga kwa mbinguni. Nilipolijua hilo nikaitazama upya.

mto_pangani
Balzac mmeitupa, na ndiyo yenye kicheko. Wahusika ni wavulana wawili, lakini kijijini wapo kweli, wanabeba samadi mgongoni. Mwenyekiti wa kijiji anataka fidla yao ichomwe, wanamwambia wimbo unaitwa "Mozart anamfikiria Mwenyekiti Mao". Fidla inapona! Mwongozaji, Dai Sijie, alipelekwa hivyo hivyo, kwa hiyo si hadithi ya kuokoteza. Na kuna binti mshonaji, wa kijijini hasa, anayesomewa riwaya za Kifaransa hadi mlima unamwia mdogo.

mzee_wa_kideo
Nyuki, nakubali Xiu Xiu ina uzito. Ilipigwa bila kibali, China wakaipiga marufuku na mwongozaji akatozwa faini, wakati Taiwan waliipa tuzo yao ya Golden Horse ya filamu bora. Lakini umtazamishe mama na mwanafunzi? Ile sehemu ya hospitali mimi mtu mzima niliinamisha kichwa.

bibi_wa_ilala
Wanangu, kuna mtu atauliza kwa nini binti asitoroke tu. Sisi Dar tuliona kampeni ya Nguvu Kazi ya 1983, watu walipelekwa vijijini na wengi wakarudi kimyakimya. China haikuwa hivyo. Uandikishaji wako wa makazi ukihamishiwa shamba, mjini huna kuponi ya chakula wala kazi, utakula nini? Amri ilitoka Desemba 1968, na vijana kama milioni 17 walipelekwa. Kile kikaratasi cha kurudi kilikuwa maisha yenyewe, na aliyeshika muhuri alijua.

nyuki_mkali
Shikamoo bibi. Hapo umeieleza muvi nzima bila kuitaja.

binti_makorora
Asanteni. Jumamosi ni Balzac na familia. Xiu Xiu nitaitazama peke yangu usiku, na visikizi masikioni. Nyuki, leso ngapi?

nyuki_mkali
Leso haitoshi. Chukua khanga, doti nzima.