Wanasema nyumba yetu ya Kiamunyi sasa ni milioni 9. Kweli tumetajirika?

Mwalimu_Kiamunyi
Habari zenu wadau. Naomba mnisaidie kufikiri, maana nyumbani tumebishana hadi tumechoka.

Mwaka 2009 mimi na mzee wangu tulinunua ploti ya futi 50 kwa 100 hapa Kiamunyi, Nakuru, kwa shilingi 280,000. Wakati huo palikuwa vumbi na mahindi. Tulijenga polepole kwa mikopo ya sacco, ukuta mwaka huu, mabati mwaka ujao, tukahamia 2013 sakafu ikiwa bado mchanga. Tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji Desemba 2021, mabroka hawabanduki langoni. Mwezi uliopita mmoja alituambia nyumba inafika milioni 9.

Tangu siku hiyo mzee amebadilika. Anataka tupeleke hati benki, tukope, tununue matatu ya kwenda Eldoret, kwa kuwa mimi nastaafu mwakani. Nikiangalia naona vyumba vitatu vilevile na bomba lilelile linalotoa maji siku mbili kwa wiki. Kinachoniuma zaidi ni kijana wetu. Ana miaka 31, mke na mtoto mmoja, wanapanga chumba kimoja mtaa wa Free Area. Aliulizia ploti mtaa wa nyuma yetu akaambiwa milioni 1.9. Hakusema neno, alikunywa chai akaondoka. Bei inayomfurahisha baba yake si ndiyo hiyo inayomfungia yeye mlango?

Mkulima_Kitale
Heshima kwako Mwalimu. Nitakujibu kwa mahindi, ndiyo ninayoyajua. Nikivuna magunia kumi na nyumba yangu inakula kumi, gunia likitoka 3,000 likafika 6,000 nimepata nini? Ugali ni uleule. Anayefaidi ni mwenye magunia hamsini ghalani. Anayeumia ni asiye na shamba, anayenunua kidogo kidogo kwa kopo la gorogoro. Nyinyi mna nyumba moja na mnalala ndani yake, kwa hivyo mmevuna mnachokula. Kijana wenu ndiye wa gorogoro.

Msomi_Maseno
Mkulima amegusa penyewe. Mwanauchumi Willem Buiter alitoa hoja hiyo mwaka 2008: nyumba zikipanda bei, nchi haijatajirika, mali imehama tu. Imetoka kwa wanaohitaji nyumba nyingi kuliko walizo nazo, yaani vijana na wapangaji, ikaenda kwa walio nazo nyingi kuliko wanazohitaji. Na miaka hiyohiyo huko Marekani watu wengi walikuwa wamekopa wakitegemea bei iliyopanda. Bei zilipoanguka, deni likabaki kubwa kuliko nyumba yenyewe.

Mama_Section58
Mimi sikubaliani nanyi kabisa. Mwaka 2019 mume wangu aliugua figo. Tungekuwa wapangaji tungeuza nini? Tulikata nusu ya ploti tukauza, na kwa sababu bei ilikuwa imepanda, ile nusu ililipa matibabu yote na karo ya miaka miwili. Mume wangu yuko hai. Msimwambie Mwalimu kwamba hana kitu.

Mkulima_Kitale
Mama, pole kwa mliyopitia, na nashukuru yuko hai. Lakini ona, ulifaidi siku uliyoachilia kipande. Mzee wa Mwalimu hataki kuachilia chochote, anataka kukopa.

Baba_Lanet
Hapo kwa kukopa naomba mnisikilize. Nilikuwa na nyumba Lanet, mthamini akaandika milioni 7. Nilichaji hati, yaani niliiweka rehani benki nikakopa, nikapanua duka la vifaa vya ujenzi. Biashara ilidorora, nikakosa malipo ya miezi minne. Ikaja notisi ya siku 90, ikaja ya siku 40 ya kuuza, kisha ya dalali wa mnada, siku 45. Siku ya mnada ilienda kwa milioni 5.4. Deni likalipwa, na kilichobaki hakikutosha hata ploti tupu mtaa uleule. Mtu asikudanganye kwamba ile milioni 7 niliwahi kuishika. Matatu ni chuma, hugonga, hushikwa, hulala gereji, na benki hungoja tarehe yake palepale.

Mwalimu, nyumba ya ndoa haichajiwi wala haiuzwi bila idhini ya wote wawili. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema hivyo. Usitie sahihi kwa sababu ya kuchoka kubishana.

Karani_Njoro
Nyongeza kuhusu kuuza. Tangu Januari 2023 ushuru wa faida ya mauzo ni 15%, si 5% ya zamani. Hukatwa kwenye faida, si kwenye bei yote. Nyumba uliyoishi mwenyewe miaka mitatu mfululizo hadi siku ya kuuza imesamehewa. Kwa hivyo mkihama, mkapangisha, halafu mkauza baadaye, msamaha huo unaweza kuwaponyoka. Na mkinunua nyingine mjini, ushuru wa stempu ni 4%, juu yake wakili. Mnauza ghali, mnanunua ghali, na katikati mnakatwa.

Nyar_Kisumu
Hata sisi wenye za kupangisha hatucheki vile mnavyodhani. Nina vyumba sita Mamboleo. Ardhi imepanda sana, kodi imesogea kidogo tu, kwa sababu mpangaji hulipa kulingana na mshahara wake, hajali ploti ni shilingi ngapi. Kaunti nayo inatoza kwa kuangalia thamani ya ardhi. Mwalimu, hapo kwenye ploti hamna nafasi nyuma?

Mwalimu_Kiamunyi
Asanteni sana. Baba_Lanet, mzee nimemsomea maneno yako mara mbili. Hakujibu, lakini bahasha ya hati ameirudisha kabatini.

Nyar_Kisumu, umenifanya nitoke nje. Nyuma ya jikoni kuna nafasi ya futi 38 hadi ukutani, ndipo nilipopanda sukuma. Jioni hii tumepima kwa kamba, mzee upande mmoja na mimi upande mwingine. Fundi yeyote aliye humu anisaidie: vyumba viwili na choo vinaingia hapo bila kukaribia shimo la maji taka lililo kona ya kushoto? Na ramani kupitishwa na kaunti inachukua muda gani siku hizi? Kijana bado hatujamwambia.