Ndege za kuzunguka Kilimanjaro msimu wa Krismasi: mnauziwa kilele, mnaoneshwa mawingu

Wakuu,

Desemba imefika. Mabasi ya Moshi na Rombo yamejaa, na kwenye makundi ya WhatsApp yameanza yale matangazo ya kila mwaka: "Ione Kibo kutoka angani, dakika 30, njoo na familia." Picha ni ileile, kreta nyeupe kwa theluji, anga la buluu, hakuna hata kipande cha wingu. Watu wanatuma kianzio wiki mbili kabla. Siku ikifika wanapakiwa saa 5 asubuhi, ndege inazunguka kwenye weupe mtupu, inatua, wanaambiwa hali ya hewa ni kazi ya Mungu. Hela hairudi.

Mungu asisingiziwe. Wanaouza hizo safari wanajua tangu siku ya kupokea kianzio kwamba saa 5 asubuhi ya Desemba mlima hauonekani, na ndege waliyonayo mara nyingi haina uwezo wa kupanda juu ya hayo mawingu. Hilo ndilo linaloniudhi, na nitalieleza kwa hesabu ili anayetaka kubisha abishe kwa hesabu.

Tuanze na saa. Usiku hewa ya mlimani inapoa na kuteremka, ndiyo maana kunakucha Kibo iko wazi, mtu yuko Moshi mjini anaiona kama anaweza kuigusa. Jua likichomoza, kama saa 12 na dakika 20, miteremko inaanza kupata joto. Ule ukanda wa msitu kati ya mita 1,800 na 2,800 umejaa unyevu, na Desemba mvua za vuli ndiyo kwanza zinaisha au bado zinanyesha. Hewa hiyo inapanda na mteremko, inapoa, inageuka wingu. Saa 3 asubuhi kiuno cha mlima kimeshafungwa, na kuanzia saa 4 kwenda mbele wingu linafika hadi juu. Jioni linaweza kufunguka tena. Hakuna siri hapa: kila mkazi wa Kibosho na Marangu anaijua ratiba hii, seuze mtu mwenye leseni ya kurusha ndege.

Kwa hiyo safari yenye maana ni ile inayopaa kati ya saa 12 na nusu na saa 2 asubuhi. Ila msimu wa sikukuu ndege ni moja na wateja ni wengi, basi wanapanga mizunguko mitano: saa 1, saa 2 na nusu, saa 4, saa 5 na nusu, saa 7. Bei ni moja kwa wote! Wa kwanza anapata mlima, wa nne anapata pamba na kutapika, maana jua likishakuwa kali hewa ya chini inachemka na ndege ndogo inarushwarushwa. Kama unajua bidhaa ya saa 5 ni mbovu, ipunguze bei au usiiuze.

Sasa urefu. Kiwanja cha KIA kiko mita 894 juu ya usawa wa bahari. Uhuru ni mita 5,895. Kupita juu ya kilele ni kupanda mita 5,000 na ushee, tuseme futi 16,500. Cessna Caravan iliyojaa watu, ukichukua wastani wa safari nzima, tuipe futi 700 kwa dakika, kwa sababu kadiri inavyopanda hewa inakuwa nyepesi, na injini na mabawa vyote vinapungukiwa nguvu. Gawanya: ni dakika 23 au 24 za kupanda tu. Duara moja kuzunguka Kibo, ukikaa kilomita 6 kutoka katikati ya kreta, ni kilomita 38. Kwa mwendo wa kilomita 270 kwa saa ni dakika 8 na nusu. Kushuka kwa futi 1,000 kwa dakika, ambako tayari masikio ya watoto yanauma, ni dakika 16. Jumla inakaribia dakika 49, bila kuhesabu kutambaa kwenye kiwanja kabla ya kupaa na baada ya kutua. Ukitaka duara la pili ni kama saa nzima.

Halafu mtu anakuuzia "kilele kwa dakika 30"? Na hizo 30 zinahesabiwa tangu injini iwashwe! Wanaosema wanarukia kiwanja cha Moshi kwa hiyo ni karibu zaidi, ndiyo, ni karibu, lakini kiwanja hicho nacho kiko chini ya mita 900. Kilomita zimepungua, futi za kupanda ziko palepale.

Na hiyo ni Caravan, yenye injini ya tabini na kibali cha kufika futi 25,000. Wengine wanatumia Cessna 206 ya injini ya pistoni isiyo na tabo, yaani kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi. Kikomo cha ndege hiyo ni karibu futi 15,700, na Kibo ina futi 19,341. Pungufu ni zaidi ya futi 3,600, hata rubani awe bingwa wa dunia. Hiyo ndege inaweza kukuonesha nyanda za Shira, ukuta wa Barranco na vidole vya Mawenzi, na ni safari nzuri kwelikweli asubuhi ikiwa wazi. Lakini haitakuonesha ndani ya kreta. Picha ya kreta kwenye tangazo la 206 ya kawaida ni uongo.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye hatari: oksijeni. Ndege hizi hazina mgandamizo wa hewa kama zile kubwa. Unapumua hewa ya nje. Kwenye urefu wa Uhuru hewa ina kama nusu ya oksijeni iliyopo pwani. Mpandaji wa miguu anapewa siku 6 au 7 ili mwili uzoee. Wewe unapelekwa kwa dakika 24 ukiwa umetoka kunywa chai. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinasema hivi: kati ya futi 10,000 na 13,000, ikizidi dakika 30, marubani wawe na oksijeni na iwepo ya sehemu ya abiria, juu ya futi 13,000, kila aliyemo ndani awe na yake. Kila mmoja, pamoja na mtoto. Futi 13,000 ni mita 3,960 hivi, maana yake ndege ikifika usawa wa Shira tayari barakoa zinatakiwa ziwe usoni.

Muulize wakala wako: mitungi iko wapi, barakoa ngapi? Wengi watakujibu "huwa tunapita haraka tu". Hapana. Kukosa oksijeni hakuumi, ndiyo ubaya wake. Mtu anajisikia mwepesi, anacheka ovyo, kucha zinaanza kuwa za buluu, na yeye anaamini yuko sawa. Sasa fikiria mwenye seli mundu. Nchi yetu ina wagonjwa wengi wa seli mundu, na oksijeni ikishuka ndiyo chembe zinapinda na kuziba mishipa. Je, kuna fomu yoyote ya kuuliza afya kabla ya kulipa? Mwenye upungufu mkubwa wa damu, mjamzito, mwenye moyo, mtoto mchanga wa kupakatwa, wote wanapandishwa ilimradi kianzio kimeingia. Na aliyetoka kuzamia Zanzibar anatakiwa akae chini angalau saa 18 kama alizamia zaidi ya mara moja, na kwa ndege isiyo na mgandamizo mimi ningesema siku nzima. Nani anamuuliza?

Muuzaji mkweli angekuwa na bidhaa mbili. Ya kwanza: safari ya ubavuni, chini ya futi 13,000, ndege ndogo, bei nafuu, unaangalia mlima ukiwa chini yake. Ya pili: safari ya kilele, Caravan au inayolingana nayo, oksijeni kwa kila kiti, saa nzima, alfajiri tu. Wao wanachanganya, wanachukua bei ya pili na kutoa ya kwanza.

Viti navyo. Caravan nyingi zina kiti kimoja upande wa kushoto na viwili kulia. Yule wa ndani kwenye viti viwili hana dirisha, anaangalia sikio la jirani yake, na analipa sawa. Bawa la Caravan liko juu, hilo ni zuri, ila kuna nguzo inayotoka chini ya mwili wa ndege kwenda kwenye bawa, na safu iliyo usawa wake inaoneshwa chuma mshazari katikati ya barafu.

Kubwa kuliko hilo ni upande wa kuzungukia. Njia ya kawaida inaanzia kusini, inapita Machame, Shira, inazunguka kaskazini kwenye ukuta wa barafu, inarudi kwa kupita kati ya Kibo na Mawenzi. Huo ni mwendo wa saa, mlima unakuwa kulia muda wote. Walioko kushoto wanapewa nyika za Amboseli na Tsavo. Haki ni rubani ageuze na kuzunguka mara ya pili kinyume, zile dakika 8 na nusu. Wanaziruka kwa sababu Caravan inakunywa karibu lita 200 za mafuta kwa saa, kwa hiyo mzunguko wa pili ni kama lita 28. Kwa lita 28 nusu ya abiria wananyimwa walichokilipia. Andikisheni kwenye makubaliano: mizunguko miwili, kila mmoja upande wake.

Jambo moja nawaomba wateja pia: msimshinikize rubani asogee karibu. Upepo ukivuka mlima, upande wa pili hewa inaporomoka kwa kasi kuliko ndege ndogo inavyoweza kupanda. Pia safari hizi zinarushwa kwa kuona, na juu ya futi 10,000 rubani anatakiwa aone kilomita 8 mbele na akae mita 1,500 mbali na wingu. Mawenzi imeshaua: Mei 1955 ndege ya abiria aina ya Dakota iligonga pale, wakafa watu wote 20, na Novemba 2008 ndege ndogo iliyokuwa ikitembeza watalii kutoka Kenya ilianguka palepale, Waitaliano wanne wakafa. Rubani anayesema "hapana, turudi" anafanya kazi yake. Tatizo ni mwajiri anayempanga kuruka saa ambayo jibu la "hapana" linajulikana tangu jana.

Kuhusu kurudishiwa hela, someni kile kifungu kidogo: "safari itahesabika imefanyika pindi ndege itakapopaa." Kikataeni. Wekeni hivi: saa 11 na nusu alfajiri pande zote mbili zinaangalia mlima kwa macho na taarifa ya hali ya hewa ya KIA, kama Kibo imefungwa, safari inahamia kesho yake au hela yote inarudi. Uamuzi ufanyike kabla ya kupaa, basi. Kianzio kisizidi robo ya bei. Risiti iwe ya EFD, si ujumbe wa simu wa jina la mtu binafsi. Na saa iandikwe kwa maneno, "saa 1 asubuhi", kwa sababu wapo waliokosa ndege kwa kuandikiwa 7:00 wakasoma saa 7 mchana.

Kabla ya kutuma hata shilingi, ulizeni namba ya usajili wa ndege, za kwetu zinaanza na 5H, na ulizeni cheti cha uendeshaji kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga ni cha nani. Mara nyingi anayetangaza ni dalali, ndege ni ya mwingine, na mkigombana kila mmoja anamsukumia mwenzake.

NYONGEZA, baada ya maswali ya wadau:

Bei za dola: kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za Machi 2025 zinakataza kutangaza bei na kudai malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Mtanzania akitajiwa dola adai shilingi.

Picha: madirisha ni ya plastiki na yamejaa mikwaruzo. Vaeni nguo nyeusi, nyeupe inajirudia kwenye kioo. Simu isiguse dirisha, mtetemo unaharibu picha. Iacheni kidole kimoja mbali. Msiweke kichujio cha polaraizi, plastiki itatoa rangi za upinde wa mvua. Desemba jua liko kusini mwa mlima, kwa hiyo barafu za Rebmann, Decken na Kersten ndizo zinazopata mwanga mzuri. Alfajiri ombeni kiti cha upande utakaoelekea huko.

Malalamiko: Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga lipo kwa kazi hiyo, na tangazo la uongo ni suala la Tume ya Ushindani kwa Sheria ya Ushindani ya 2003. Ambatisheni tangazo lenyewe, risiti, namba ya 5H, saa mliyopaa na saa mliyotua.

Wenye ndege mnaosoma, njooni mjibu hapa. Tajeni aina ya ndege, kikomo chake cha urefu, idadi ya barakoa na saa ya safari ya mwisho ya siku.