Baiskeli ya mlima, ya resi au haibridi? Naanza upya na miaka 43, naishi Goba, Dar

Baba wa Goba:
Wakuu habari za jumapili. Nina miaka 43, kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti kutwa nzima, juzijuzi daktari kanipima akakuta presha imepanda, akanianzishia dawa na akasema mazoezi ni lazima. Kukimbia magoti hayataki, jim nilienda wiki tatu nikachoka kutazama ukuta. Utotoni baiskeli ndo ilikuwa maisha yangu kwa hiyo nimeamua kurudi huko. Bajeti laki nne kwa kila kitu. Nimezunguka kwa wauza mtumba nikabaki na tatu kichwani: ya mlima gia 21 yenye shokapu mbele, ya resi tairi nyembamba unainyanyua kwa mkono mmoja, na haibridi, ile usukani umenyooka na tairi za katikati. Nataka niendeshe asubuhi siku tatu nne kwa wiki na jumamosi niende mbali kidogo. Moyo uko kwenye ya resi, siwafichi.

FundiTegeta:
Mkuu kabla ya baiskeli niambie barabara inayotoka getini kwako ikoje, maana hiyo ndo inachagua. Goba naijua, vilima, ukishuka lami unakutana na kokoto na mifereji iliyochimbwa na mvua. Ya resi tairi zake nyembamba zinataka upepo mwingi, psi (kipimo cha upepo wa tairi) 80 mpaka 100 huko, na ukiiacha siku chache zinalegea, ukigonga shimo hivyo hivyo rimu inabana tyubu unatobolewa matundu mawili kwa mpigo. Halafu nyingi za mtumba zina ile pua nyembamba ya tyubu, pampu ya sheli haiingii mpaka uwe na kiunganishi. Ya mlima nayo usidanganywe na shokapu, zile za bei ya chini ni chuma kizito tu, kila ukikanyaga kupanda kilima inabonyea na nguvu yako inaishia pale. Mimi mtu kama wewe nampa haibridi, tairi ya saizi 700 kwa 35 au 38 (namba ya pili ni upana kwa milimita), unajaza psi 55 hivi, lami unakwenda na vumbi unapita.

ResiAsubuhi:
Fundi naheshimu ila umeitupa resi haraka sana. Mimi huwa naanzia Mwenge saa kumi na moja na nusu alfajiri mpaka Bunju na kurudi, tunakuwa sita au nane, na hicho ndicho kilichonifanya nisiache, maana ukiwa peke yako siku ya mvua unalala, ukiwa na watu wanakusubiri kwenye kona unaamka. Wepesi wa baiskeli unaleta hamu na hamu ndo inaleta afya. Ila nikuambie ukweli ndugu yangu, Bagamoyo Road, hiyo tunayopita, si ya kuanzia. Mwaka juzi daladala ilinichomekea ikaingia kituoni bila taa, nikaenda kifudifudi, helmeti ilipasuka upande wa kulia kichwa kikabaki kizima. Tangu siku hiyo nakaa karibu mita moja kutoka ukingoni, sijibanzi kwenye mchanga wa pembeni, maana ukijibanza wanaona nafasi ipo wanakupita kwa kukugusa. Na nikiona daladala mbele yangu nahesabu tayari kwamba itasimama.

Mama Kigamboni:
Pole sana ResiAsubuhi, Mungu mkubwa.
Mimi ni mwanamke wa miaka 50 naendesha ya mlima huku Kigamboni mwaka wa nne, mchanga wetu hautaki tairi nyembamba kabisa. Kaka wa Goba aina ya baiskeli ni nusu tu ya habari, nusu nyingine ni kimo cha siti. Mimi miezi mitatu ya kwanza goti liliuma mbele nikadhani ni uzee, kumbe siti ilikuwa chini. Kaa kwenye siti, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke wote, ukija kukanyaga kwa mbele ya unyayo goti litabaki limekunjika kidogo. Likiuma mbele pandisha kidogo, likiuma nyuma shusha, kidogo kidogo tu kama nusu sentimita. Na usinunue siti nene laini kama mto, unazama ndani yake na inakubana pasipotakiwa, chukua yenye upana wa mifupa yako ya makalio. Kwa dada zangu wanaosoma, khanga na dera havipatani na cheni, tafuteni yenye kikinga cheni au vaeni suruali chini.

Kev wa Karura:
Salamu kutoka Nairobi. Huku wengi tunaingia msitu wa Karura, unalipa kiingilio, unaendesha msituni kwa njia za udongo, magari hakuna, ndio maana hata watoto na wazee wanaanzia huko. Hapo ya mlima ndio inatamba, hata ya kukodisha unapata. Kama hapo kwenu kuna mahali hapana magari anzia hapo miezi miwili, ujifunze kutazama nyuma bila kuyumba na kutoa mkono mmoja kuonyesha unakata kona. Hiyo ukiifanyia mazoezi barabara kuu umechelewa.

Msukuma wa Gia Moja:
Mbona hakuna aliyeitaja Fonikisi, ile baiskeli ya gia moja? Huku Shinyanga tumekua juu yake, inabeba gunia na mama mjamzito. Unakaa wima mgongo hauumi, fundi yupo kila kijiji na spea ni za bei ndogo.

FundiTegeta:
Msukuma nakubali kwa tambarare za kwenu. Ila Goba kwa gia moja na presha juu? Atapanda kile kilima anahema mdomo wazi. Na zile breki za fimbo rimu ikilowa hazishiki, kushuka na mvua ni hatari.

Nesi wa Zamu:
Nimesoma yote, nakuja kwenye presha maana ndo chanzo cha uzi. Kaka Baba wa Goba, kwanza rudi kwa daktari wako umwambie unaanza baiskeli, umuulize dawa yako ni ya kundi gani. Zipo zinazopunguza mapigo ya moyo, ukivaa saa ya kupima mapigo utaona namba ndogo udhani hujajituma ukaongeza nguvu kumbe mwili umeshafika. Zipo za kukojoza, hizo na jua la Dar zinakukausha haraka. Kipimo chako kiwe mdomo: uweze kuongea sentensi nzima ukiwa unaendesha. Ukishindwa hata kusema jina lako, punguza. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima afikishe dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, kwa hiyo dakika 40 mara nne zinakutosha kabisa, hizo jumamosi ndefu zije baadaye. Kilimani shusha gia mapema kabla miguu haijalemewa, hesabu goti la kulia kwa sekunde 15, likipanda mara 18 mpaka 20 uko sawa. Ukikanyaga gia nzito kwa kubana pumzi presha inaruka. Kifua kikibana, kizunguzungu, au maumivu ya mkono wa kushoto au taya, shuka, kaa kivulini, nenda hospitali hapo hapo.

ResiAsubuhi:
Nesi na maji je? Sisi tunaweka chumvi na ndimu kwenye chupa.

Nesi wa Zamu:
Nyinyi mnaoendesha kwa muda wa saa mbili tatu juani sawa. Yeye mwenye presha na anayeendesha chini ya saa moja maji matupu yanatosha, chumvi asiongeze mpaka aulize.

Baba wa Goba:
Asanteni sana, sikutegemea majibu ya namna hii. Leo nimerudi kwa muuzaji nikaomba nizijaribu zote. Ya resi nilipita nayo kipande kifupi tu cha kokoto mikono ikatetemeka mpaka mabegani, moyo ukapoa wenyewe. Haibridi nimeshuka nayo nikapanda kile kilima kwa gia ndogo nikiwa naongea na mke wangu, simu iko mfukoni kwa spika, sikukata sentensi. Nimeichukua kwa laki mbili na sitini. Zilizobaki nimetenga helmeti, taa na pampu. Helmeti za mtumba zipo za elfu kumi na tano, nichukue?

FundiTegeta:
Ya mtumba usichukue mkuu, lile povu la ndani linafanya kazi mara moja tu, likishabonyezwa na ajali huoni kwa nje na hujui aliyeivaa alianguka vipi. Nunua mpya, ikae vidole viwili juu ya nyusi, mkanda ubane ukipiga miayo uusikie unavuta. Taa nyekundu nyuma iwake hata kukiwa kumepambazuka. Na kabla ya jumamosi ilete kwangu nikaze spoki na nibadilishe mpira wa breki ya nyuma, za mtumba mara nyingi unakuwa umekauka kama jiwe.

Baba wa Goba:
Alhamisi jioni nipo kwako fundi. Jumamosi naanza na njia za ndani za Madale, dakika 40.