Tupeane uzoefu: vitabu vya nyongeza vya RPG za zamani, kipi kilikunogea na kipi kiliharibu meza

MzeeWaDadu: Wakuu habari za masiku. Najua humu tunaocheza hizi RPG, gemu za dadu na karatasi ambazo kila mtu anaigiza mhusika wake, ni wa kuhesabu, ila mpo, wengine mlizikutia vyuoni huko nje wengine mnasoma PDF tu kimya kimya. Leo sitaki vitabu vikuu vya sheria. Nataka vile vya nyongeza, vile mtu unanunua baadaye eti kuongeza utamu, na viwe vya kabla ya 2000.

Naanza mimi. Nilisoma Minnesota, na huko ndo nyumbani kwa Dave Arneson, yule aliyetunga D&D (Dungeons & Dragons) na Gary Gygax 1974, kwahiyo wazee wa pale ukiwagusa tu kuhusu Blackmoor, dunia yake ya kubuni, hawanyamazi. Mmoja akanipa nikisome kile kijitabu chenyewe, Blackmoor ya 1975. Aisee. Humo ndo zimeingia aina mpya za wahusika, mmonki (mtawa mpiganaji) na muuaji wa kukodiwa, kuna safari za chini ya maji, na kuna Temple of the Frog ambayo ndo adventure (hadithi tayari ya kuchezwa) ya kwanza kuchapishwa kwenye D&D. Ila pia kuna ile sheria ya kupiga kiungo kwa kiungo, yaani kichwa kina pointi zake za uhai kifua pointi zake mguu pointi zake, tukaipeleka mezani, ugomvi mdogo tu na goblini ukala jioni nzima na watu wakaanza kuangalia simu.

Greyhawk, nyongeza nyingine ya D&D iliyotoka mwaka huohuo, haina maajabu hayo lakini ndo iliyojenga gemu, kabla yake kila silaha ilikuwa inapiga dadu la pande sita, kisu sawa na panga kubwa, na mwizi hakuwepo kabisa kwenye vile vijitabu vya mwanzo. Msimamo wangu ni kwamba kitabu cha nyongeza cha zamani si cha kufuata chote, unachota unachokitaka unaondoka. Haya leteni.

Otieno_d100: Buda umenigusa. Mimi ni Masks of Nyarlathotep, ya Call of Cthulhu, ile RPG ya kutisha ya kampuni ya Chaosium, 1984. Kwa wenye hawaijui, ni kampeni, hadithi ndefu ya session nyingi, ya mwaka 1925, mnaanza New York rafiki yenu ameuawa hotelini, halafu mnazunguka dunia, London, Cairo, Shanghai, na wasee, KENYA. Sura nzima. Mnashuka Mombasa mnapanda treni mpaka Nairobi, kuna msafara wa Wamarekani uliuawa huko Aberdare miaka kadhaa nyuma na nyinyi mnafuatilia. Mpaka Kenyatta yuko ndani! Bado anaitwa Johnstone, anawasaidia wachunguzi, yaani nyinyi wachezaji. Nilisoma hiyo page nikaicheka nikairudia.

Sasa shida. Kitabu kinadhani wachezaji wako ni Wamarekani wenye pesa wanaingia mlango wowote. Meza yangu ya Nairobi ikakataa, wakasema wao wanataka kuwa watu wa hapa, mmoja akawa karani Mkikuyu, mwingine mwenye duka Mhindi wa Bazaar, mwingine Mswahili aliyekuwa carrier corps, wapagazi wa jeshi, kwa vita ya kwanza. Basi kila kitu kikabadilika kwa sababu 1925 kuna kipande, kile kitambulisho cha lazima cha Mwafrika, karani akitoka bila kipande anashikwa, na hoteli ya wazungu haingii isipokuwa kwa mlango wa jikoni. Kwa kitabu unaenda tu kwa hoteli unauliza maswali. Kwa meza yetu kuingia hapo ilikuwa kazi kubwa kuliko kupigana na lile dubwana la mwisho, na honestly ndio ilikuwa session tamu zaidi.

Ile dini ya siri wameweka Kenya, ya Ulimi wa Damu, nilikata nusu. Wanakijiji wote washirikina wanangoja kuchinja mtu, hapana, hiyo ni Afrika ya sinema. Nikaweka wakubwa wa hiyo dini wawe settlers wawili wazungu wenye mashamba ya kahawa. Lakini zile handout sikugusa, makaratasi ya kupea wachezaji mkononi, vipande vya magazeti, barua, box ya kiberiti kutoka baa ya Shanghai. Miaka arobaini imepita na bado sijaona kitu inashinda hiyo.

bint_Mwembetanga: Jamani Otieno settlers wa kahawa nimeipenda, naichukua hiyo.

Mie nipo Muscat, kwetu Unguja. Changu ni Al-Qadim, dunia ya D&D ya mtindo wa Kiarabu, ya kampuni ya TSR, kitabu cha mwanzo Arabian Adventures 1992 kaandika Jeff Grubb. Kila ukurasa una nakshi pembeni rangi ya dhahabu, unakifungua tu roho inatua. Mchawi wake, sha'ir, hasomi uchawi kitabuni kama wengine, ana kijini chake kidogo anakituma kikamletee, na kijini huenda kikachelewa au kikarudi mikono mitupu! Hapo vita imepamba moto na wewe unasubiri jini atoke sokoni wallahi raha. Na wameyagawa majini makundi manne, wa upepo, wa moto, wa ardhi na marid wa bahari.

Tunacheza wanawake watupu baada ya isha, nusu Waomani nusu sie wa pwani. Boksi la Golden Voyages ndo tulilolipenda kupita yote kwa sababu ni visiwa tu, unakwenda na jahazi kisiwa hadi kisiwa. Ila walioandika hawajui kusafiri kwa upepo wa msimu, mtu anakwenda na kurudi mwezi wowote atakao. Sie tukaweka kaskazi na kusi, ukichelewa kuondoka umekwama bandarini miezi, na hapo ndipo hadithi zinapozaliwa, madeni, ndoa, ugomvi. Bibi yangu angeiendesha kampeni ile kuliko mimi.

Kobe_Mkavu: Complete Book of Elves. Sisemi zaidi. Waliokaa meza moja na mtu mwenye kile kitabu wananielewa.

MzeeWaDadu: 😂😂 Kobe ile familia yake yote ya vitabu vya kahawia vya toleo la pili la D&D tulivipiga marufuku, kila mtu anakuja na kitabu chake kimoja na karakta yake ndo kali kuliko zote.

Leicester_Mngoni: Nyie mnaongea vya Marekani, sisi wa UK tuna Fiend Folio 1981, kitabu cha mazimwi cha D&D. Mazimwi mengi humo yalitoka kwa wasomaji wa jarida la gemu la White Dwarf, watu wa kawaida wanatuma kwa posta. Githyanki, zimwi aliye juu ya jalada, katungwa na Charles Stross, kijana wakati ule, baadaye akawa mwandishi mkubwa wa sayansi bunilizi. Na kwenye kitabu hichohicho kuna flumph, kitu kama sahani inayoelea ina minyiriri, halafu ni mwema! Kinakurushia maji ya kunuka. Watu wanakidharau kitabu hiki kwa ajili ya flumph, mimi nakipendea hilohilo, utaona kabisa hakuna bosi aliyekaa kuchuja.

mdau_wa_kimya: Kwa GURPS Cyberpunk, nyongeza ya RPG ya GURPS kuhusu dunia ya kompyuta na wadukuzi, simulizi tamu iko nje ya kitabu. 1 Machi 1990 Secret Service ya Marekani ilivamia ofisi za wachapishaji wake Steve Jackson Games, Austin, Texas, wakabeba kompyuta zikiwa na muswada wake, mwandishi wake alikuwa hacker wanamfuatilia. Wakamwambia mwenye kampuni kitabu ni mwongozo wa uhalifu wa kompyuta. Kampuni ikapunguza karibu nusu ya watu. Ikashtaki, 1993 jaji akawapa fidia ya dola 50,000 na gharama za mawakili. Nilikisoma nikitegemea siri za kudukua benki, nikakuta dadu tu 😅 ila sura ya mitandao imeandikwa na mtu anayejua anachosema, hiyo nakiri.

Otieno_d100: @bint_Mwembetanga hiyo ya kaskazi na kusi umeandika mahali? Jedwali la miezi na bandari? Nipee nikupe kipande changu, niko na ya kuchapisha A4 wachezaji wanavaa shingoni.

bint_Mwembetanga: Iko kwenye daftari kwa mkono kaka. Ngoja Ijumaa nipige picha.