Ukoo wa Chumbageni: kanga iko dirishani

*Jumatano usiku, Mississippi. Tanga ni alfajiri ya Alhamisi.*

Zuhura: Assalaam alaykum wana ukoo. Wakubwa shikamooni. Tumeshafika kambi ya pili, katikati ya msitu. Leo kutwa tumepita barabara ya Natchez Trace. Ina maili 444, malori hayaruhusiwi, hakuna bango la biashara wala kituo cha mafuta, na mwisho wa mwendo ni maili 50 kwa saa. Idrisa alikuwa anasinzia.

Idrisa: Sikusinzia. Nilikuwa nafikiri.

Mjomba Hamisi: Maili 50 si kilomita 80 tu? Mimi na lori la machungwa ya Muheza nilikuwa napiga 100, na breki za kuombea dua.

Bibi 🎤: Marahaba wajukuu zangu. Asha kaniambia mnalala garini. Kwani huko Marekani nyumba za wageni zimekwisha?

Zuhura: Bibi, hili ni nyumba kabisa. Lina vitanda, jiko la gesi, friji, choo…

Bibi 🎤: Choo humo humo? Na jiko?

Zuhura: Hatua mbili, Bibi.

Bibi 🎤: Astaghfirullah.

Mjomba Hamisi: Linakunywaje mafuta?

Idrisa: Galoni moja maili 9 hivi, Mjomba. Nikikanyaga, hazifiki.

Mjomba Hamisi: Nimepiga hesabu. Lita moja haimalizi kilomita 4! Hilo si gari, hicho ni kiwanda.

Mwanaisha: Dada, msichelewe jamani. Arobaini ya mwanangu ni Jumamosi saa 6 mchana, hapa Louisville. Shehe ana shughuli nyingine baada ya hapo.

Zuhura: Tutakuwa hapo saa 5, mdogo wangu. Zigo la Bibi ninalo.

*Alhamisi usiku, Nashville*

Zuhura: Leo tumelala uani kwa rafiki yake Idrisa waliyesoma naye. Tumevuta waya wa umeme kutoka gereji yake, mke wake katutengea wali wa nazi. Njia nzima ni maua. Kuna mti wa waridi unaoelekea zambarau, hauna jani hata moja, maua yameshika hadi kwenye gome. Salma kahesabu mpaka 60 akachoka.

Asha: Picha!

Zuhura: Kesho, mtandao unasuasua.

*Ijumaa jioni, Mammoth Cave, Kentucky*

Idrisa: Wana ukoo, leo nimepata cheo. Mimi ndiye mkuu wa kumwaga tangi la choo.

Mjomba Hamisi: Hongera. Mimi utingo wangu alikuwa anaosha matairi tu.

Idrisa: Kuna utaratibu wake, Mjomba. Unavaa glavu, unafunga bomba vizuri, unafungua la choo kwanza. Likiisha ndiyo unafungua maji ya kuogea, yaoshe bomba. Mimi nikaanza na ya kuogea. Mzee mmoja wa Kizungu wa gari la nyuma kaja kunifundisha, kaniita "kijana". Nina miaka 44.

Bibi 🎤: Pole mume wangu. Rudi Tanga nikuoe upya, huku choo kiko uani.

Zuhura: 😂😂 Sasa sikieni ya pango. Ndilo refu kuliko yote yanayojulikana duniani, wameshapima zaidi ya kilomita 640 na bado wanapima. Ndani ni nyuzi 12 kiangazi na masika, Yusuf katetemeka mpaka nikamvika ushungi wangu. Ukitoka unakanyaga mikeka yenye sabuni, usije ukapeleka ugonjwa wa popo kwenye pango jingine.

Mjomba Hamisi: Pango letu la Amboni linatokea Mombasa. Hilo mbona hawajalipima?

Asha: Mjomba, uliwahi kutokea wewe?

Mjomba Hamisi: Mbwa aliwahi.

Zuhura: Ila kilichonishika ni Stephen Bishop. Alikuwa mtumwa. Walimleta 1838 atembeze wageni, akavuka shimo ambalo kila mtu alikuwa anaishia hapo, akaenda mbele na taa yake ndogo. Mwaka 1842 akachora ramani ya pango kwa kukumbuka tu. Kafa 1857, kazikwa hapa hapa. Nimesimama kwenye kaburi nikasoma Fatiha. Sijui dini yake, nimesoma tu.

Bibi 🎤: Umefanya vizuri mama.

Zuhura: Haya, picha mlizodai. 📷📷📷📷

Asha: Jamani pazuri! Hiyo ya nne ndiyo ndani? Vitanda visafi.

Asha: Bibi kanyang'anya simu. Anaikuza picha.

Bibi 🎤: Zuhura. Hapo juu ya kichwa cha Yusuf, dirishani. Ninaona "KAMA MAMA". Neno la mbele limefichwa na mto.

*Zuhura anaandika…*

*Zuhura anaandika…*

Mjomba Hamisi: Mimi nakwenda kuswali.

Bibi 🎤: Ile si "Nani kama mama" niliyompa mwenye kuja Houston, mzigo wa Mwanaisha?

Zuhura: Bibi nisamehe. Mapazia ya gari yalikuwa hayafiki, na taa ya kambi inawapiga watoto usoni. Nitaipiga pasi.

Bibi 🎤: Pasi mnayo humo, karibu na choo?

Mwanaisha: 😂 Bibi mwache, mimi sina neno. Nalala saa mbili kwa siku, mtu akiniletea gunia nalivaa.

*Jumamosi*

Mwanaisha: Dada mko wapi? Watu wameshakaa.

Zuhura: Tumebakiza nusu saa. Saa 6 kasorobo tuko mlangoni.

Mwanaisha: Sasa hivi ni saa 6 na robo.

Zuhura: Ni saa 5 na robo.

Mwanaisha: Dada. Mammoth Cave wanatumia saa za Chicago. Louisville tunatumia saa za New York.

Zuhura: YALLAH

Idrisa: Nakanyaga.

Mjomba Hamisi: Kwa maili 9 za galoni!

Mwanaisha: Shehe kakubali kusubiri, kaonjeshwa sambusa. Majirani Wakongo wameleta sombe sufuria mbili.

Asha: Sombe ndiyo nini?

Mwanaisha: Kisamvu, ila ukikiita hivyo hapa mtabishana mpaka magharibi.

*Saa mbili baadaye*

Mwanaisha: 📷 Bibi, mjukuu wako kashafikishwa arobaini. Tumemlaza kwenye kanga yako. Inanukia vitunguu kidogo ila ni nzuri kweli.

Bibi 🎤: Mashallah, mashallah. Huyo pua ni ya babu yenu, Mungu amrehemu. Mungu amkuze. Zuhura, ahsante mama, umefikisha.

Bibi 🎤: Lakini naona upande mmoja. Nilitoa doti nzima, haikukatwa.

Mwanaisha: Mimi nimepewa huu huu.

Bibi 🎤: Zuhura?

Idrisa: Shikamoo Bibi. Gari lina madirisha mawili.